Mwaka Mgongo Wangu Ulipotundikwa Dirishani

Nilimtambua Riziki kwa namna alivyookota kitunguu. Ilikuwa Hombo, mwaka jana, pale magari ya Bukavu yanaposimama ili abiria wanunue ndizi na kunyoosha miguu kabla ya kuingia Walikale. Nilikuwa nimeshuka kutafuta maji ya kunywa. Kwenye kibanda cha pili, mama mmoja mnene alidondosha kitunguu, na badala ya kuinama kama watu wengine alikunja magoti, akashuka wima, mgongo umesimama kama mlango, akapapasa chini bila kutazama, akakipata, akapanda tena. Wateja wake hawakushangaa, walikuwa wamemzoea. Mimi nilisahau maji na kila kitu. Niliita jina lake, naye akageuka mwili mzima, mabega na kiuno pamoja, akanitazama kwa muda mrefu na macho yale yale ya kuchekesha. "We njo ule mutoto ya fromaji!" akapiga kelele. Mtoto yule wa jibini ndiye mimi; mutoto, na mvi zangu hizi! Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Tulikuwa tumekaa kwenye magunia ya Riziki, tunakula ndizi zake, tunacheka kama wendawazimu, na tangu siku hiyo ule mwaka haujaniacha. Ndio mwaka ambao nyumbani kwetu palikuwa na swali moja tu mezani, asubuhi na jioni: je, niende ng'ambo nikapasuliwe uti wa mgongo, ama nibaki nyumbani na mgongo wangu jinsi ulivyo?

Habari za ukoo wetu naziacha. Kila mtu wa milima ya Masisi ana babu aliyekuja na ng'ombe kutoka mahali fulani, na wote wanasimulia safari ile ile. Nitasema habari za chumba kimoja. Nyumba yetu ya Burungu ilikuwa ya mbao, na nyuma yake kilishikamana chumba cha jibini, au fromaji kama tunavyosema sisi. Kilikuwa na harufu ya maziwa ya moto, moshi na maji ya chumvi. Asubuhi wachungaji walileta maziwa, Papa, baba yangu, akayapasha katika sufuria kubwa kuliko mimi, akatia dawa ya kugandisha, akakata, akajaza vyombo vya duara, akaweka mawe juu. Baada ya hapo jibini zilipanda kwenye rafu za mbao zilizofika mpaka darini, na kila siku, asubuhi na jioni, Papa alizigeuza moja moja, maana jibini isiyogeuzwa inaegama upande mmoja na hakuna mnunuzi wa Goma atakayeitaka. Chumba hicho ndicho kilichokuwa na dirisha la kioo, la pekee nyumbani. Kwa hiyo tuliporudi kutoka Goma na ile filimu ya radio, picha ya mifupa yangu, ilitundikwa pale kwa misumari miwili midogo, mwanga wa mlima ukapita katikati ya mbavu zangu.

Nilikuwa nimeingia miaka kumi na sita, na nakiri kwamba sikuwa na hofu. Nilikuwa na udadisi. Nilisimama mbele ya dirisha hilo nikijitazama ndani kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani. Sikujua kwamba nina vitu vingi hivyo! Wachungaji nao walichungulia, wakiwa na vibuyu vyao mkononi, na kila mmoja alikuwa na neno. Koko, yaani bibi yangu, mama yake Papa, aliisogelea filimu mpaka pua ikagusa, akafuata mfupa kwa mfupa kwa kidole chake, akaanza kucheka. "Kumbe mu mugongo ya huyu mutoto muko barabara ya Sake!" alisema. Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kweli: uti wangu ulishuka vizuri kutoka shingoni, halafu ukakata kona kubwa kulia, kama barabara ile inavyoukwepa mlima.

Daktari hakucheka. Alikuwa mgeni, bingwa wa migongo aliyepita Goma kwa muda mfupi tu, na maneno yake yalitufikia kupitia kwa muuguzi aliyeyageuza kutoka Kifaransa. "Anasema hivi: mugongo inakula nafasi ya mapafu," muuguzi alimwambia Mama. "Tukiiacha, mutoto atapumua kidogo, kila mwaka kidogo zaidi. Hapa Goma hatuna namna. Bukavu vile vile. Banaweza kufanya ile kazi kule Inde. Banaweka vyuma mbili na misumari, inashika." Mama aliuliza kama kuna hatari. Muuguzi akamuuliza daktari, akasikiliza, akamgeukia tena. "Iko. Haiko kubwa, lakini iko. Miguu inaweza kukataa kusikia. Kwa siku zote." Safari ya Inde, yaani India, na matibabu vingelipwa na shirika la daktari huyo, kwa hiyo hatukuwa na kisingizio cha pesa. Daktari angerudi wakati wa kiangazi, na angetaka kusikia ndiyo au hapana.

Kati ya mbao za ukuta wa chumba cha jibini na zile za sebuleni palikuwa na nyufa, na mtu aliyelala kwenye rafu ya chini alisikia yote. Najua, kwa sababu nililala hapo. Hilo lilikuwa wazo la Papa, na mpaka leo nikilikumbuka nacheka. Jioni ile ile ya kurudi kutoka Goma nilimsikia akimwambia Mama, "Fromaji ikiegama, tunafanya nini? Tunaigeuza. Haitupwe. Haikatwe na kisu."

"Faida haiko fromaji, Papa Faida," Mama akajibu. Faida ni jina langu.

"Najua. Lakini iko mubichi bado."

Basi nikawa jibini. Kila alasiri baada ya shule nililala kwenye rafu ya chini iliyoondolewa bidhaa, kifuko cha chumvi kimekandamizwa pale mgongo ulipotokeza, na Koko ameketi kwenye kigoda kunilinda nisitoroke. Papa alianza kugeuza jibini rafu ya juu kabisa, akashuka polepole, akinong'ona wimbo wa kanisa, mpaka akafika kwangu. "Na weye, geuka," alisema, kwa sauti ile ile, naye alinisukuma bega kwa kiganja chenye harufu ya maziwa. Wanafunzi wenzangu waliniuliza kama nimeshaiva. Sikukasirika. Papa alikuwa fundi, alijua jambo moja kwa mikono yake kuliko watu wote wa Burungu, na alinipa jambo hilo lote.

Kila Jumapili baada ya misa palikuwa na kipimo. Papa alichukua uzi wenye kijiwe mwishoni, ule aliotumia kunyoosha nguzo za rafu zake. Koko aliushika kwenye mfupa wa shingo yangu, juu ya blauzi nyembamba, na wote wakatazama kijiwe kitasimama wapi. Mwanzo kilining'inia mbali, juu ya kalio la kulia, na Koko alitikisa kichwa kwa masikitiko. Halafu kikaanza kurudi. Jumapili baada ya Jumapili kilirudi kuelekea katikati, kidogo kidogo, mpaka ikafika siku kikasimama sawasawa pale kinapotakiwa, kikatulia. Mama alikaa chini. Papa aliukunja uzi wake. Alitoka nje, akasimama na ng'ombe wake, na tukamsikia akipiga mluzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya Mungu. Jioni tulikula viazi na maharage yaliyotiwa siagi, na mashanza, maziwa yetu ya kuganda, bila kupimiwa. Wachungaji waliitwa wale nasi. Habari ya Inde ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeililia.

Lakini mimi niliimba kwaya. Palikuwa na mstari mmoja katika wimbo wa kuingilia, mrefu, ambao tangu utoto niliuimba kwa pumzi moja. Jumapili iliyofuata pumzi ilinikatikia kabla ya neno la mwisho. Iliyofuata, kabla ya maneno mawili. Nilirudi nyumbani nikajitazama dirishani, nikamtazama Papa na uzi wake, nikajiuliza: uzi unasema nimenyooka, na kifua kinasema hapana, ni nani kati yao anayesema uongo? Swali hilo lilinikaa kichwani nikila, nikilala, nikikamua matambara ya jibini. Sikuweza kumuuliza Papa. Furaha yake ilikuwa kubwa mno, nami niliionea huruma.

Nilimuuliza Papa Kambale. Alikuwa Mnande wa Butembo, mwenye duka Burungu na lori lililobeba jibini zetu kwenda na chumvi kurudi, Mkatoliki wa kusali rozari kwenye usukani. Alikuwa akipakia. "Mi sijue mambo ya migongo," alisema. "Lakini niko na mukiliya kule Ntoto, binti moja, bapadri balimupeleka Inde, akapasuliwa mugongo, akarudia. Ananunua chumvi yangu. Anatembea." Aliweka jibini chini. "Kama unataka kujua bei ya kitu, uliza ule mwenye alinunua. Si ule anauzisha."

Mama ndiye aliyenipeleka. Papa aliambiwa kwamba tunakwenda kuangalia kama jibini ina soko Walikale, ambako ndiko Ntoto, na sijui kama aliamini. Lori lilitufikisha mbele ya Masisi, mpaka pale barabara inapokataa, na kutoka hapo tulishuka kwa miguu pamoja na wachuuzi wa Papa Kambale. Sikuwa nimewahi kuondoka kwenye nyasi. Kwetu mtu anaona kesho yake kutoka kilima hadi kilima. Kule tuliingia chini ya miti na anga ikafungwa, hewa ikawa nzito na vuguvugu, na hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Niliwatafuta mpaka nikachoka. Kwenye vizuizi vya njiani wenye bunduki walimtazama Mama, mtu wa mlimani, kwa namna ambayo haikumfurahisha, na wachuuzi wakasema haraka kwamba sisi ni watu wa Papa Kambale. Wanawake walipishana nasi wamebeba vikapu vikubwa kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, migongo imeinama, macho ardhini. Niliwahesabia migongo yote. Kila mgongo ule mwaka ulikuwa habari kwangu.

Riziki, mteja huyo wa Papa Kambale, alikuwa na miaka ishirini na kitu, na meza ndefu kuliko meza zote za soko la Ntoto, imefika kifuani, ili asiiname. Mama alipojieleza, alituchukua nyumbani, akatupa sombe, yaani kisamvu, yenye mawese na ndizi zilizopondwa, akanitazama nikila. Halafu aliingia nami chumbani, akafungua blauzi bila haya. "Gusa," alisema. "Ulitembea yote ile juu ya kuona. Ona." Kovu lilishuka kutoka chini ya shingo hadi karibu na kiuno, jembamba, laini kama uzi wa hariri. Niligonga kwa kucha nikitaka kusikia chuma. Alicheka hadi akakohoa. "Banafanyaka vile hata bamama bazee," alisema. "Hailie."

Nilimuuliza yote, na alinijibu yote. Maumivu? Mengi, na kiu mbaya kuliko maumivu. Upweke? "Nililia mu Swahili, nikalia mu kinyanga yetu, hakuna mutu alisikia hata neno. Iyo njo ilikuwa mubaya kupita kisu." Aliyoyapoteza? Alisimama, akanionyesha: hawezi kuinama kwenye jembe, hawezi kuvaa kamba ya kikapu. Wenzake wakienda shamba alfajiri kwa kundi, wakiimba, yeye anabaki na mbuzi. Kijana aliyemchumbia alisema hataki mke asiyebeba, akaoa mwingine. Alisema hayo bila kujihurumia, kama mtu anayetaja bei. Mimi nikaifikiria sufuria ya Papa. Jibini ni kazi ya kuinama juu ya sufuria, na mimi sikuwa nimewahi kutaka kazi nyingine.

"Lakini mi niko sawa sasa," nikamwambia. "Papa ananipima na uzi. Jiwe inasimama katikati."

Alinishika mkono, akaniongoza nyuma ya nyumba, mpaka chini ya mteremko wa kisimani. "Tupande. Na unihadisie ile habari ya uzi, usisimame." Nilianza kusimulia. Habari ya rafu nilimaliza vizuri. Nilipofika kwenye kijiwe, maneno yalianza kutoka moja moja. Kabla ya kufika juu niliegemea mti, mdomo wazi, kama samaki. Riziki, mwenye misumari yake mgongoni, alikuwa amefika juu, anaimba. "Umeona nyoka?" aliniuliza aliposhuka. "Kichwa na mukia binaweza kuwa mu mustari moja. Sasa katikati je? Na mi nilikuwa vile. Mugongo ikikata kona moja, inakata ingine juu usianguke. Ule uzi ya papa yako haidanganye. Inaangalia kichwa na mukia, basi."

Njia yote ya kurudi nilikuwa nikiitafuna picha ile. Sikuwa na huzuni bado. Nilikuwa na ile furaha ya ajabu ya mtu aliyeelewa kitu, hata kama kitu chenyewe kinamhusu vibaya. Huzuni ilinipata nilipoiona nyumba yetu, na Papa mlangoni akifuta mikono.

Nilimwambia papo hapo, kabla sijavua viatu. Alisikiliza. Hakugomba. Aliuliza tu, "Alipanda, wewe ukabakia?" Nikasema ndiyo. Siku chache baadaye Papa Kambale alitupeleka Goma, na tukarudi na filimu ya pili, nayo ikatundikwa kando ya ya kwanza. Papa alituomba tutoke. Mimi nilitazama kwenye ufa. Alichukua uzi wake, akaunyoosha juu ya filimu, kidole kimoja shingoni, kimoja kiunoni. Juu uligusa mfupa. Chini uligusa mfupa. Katikati uti wangu uliuacha uzi ukaenda kulia, mbali kuliko mara ya kwanza, ukarudi, ukauvuka, ukaenda kushoto. Kona mbili. Alibaki pale ameshika uzi, kichwa kimegusa kioo. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote za maisha yangu.

Kiangazi kilikuwa karibu. Sebuleni walikaa wote, nami nikiwa rafuni kwangu, ambako hakuna aliyenituma tena. Mama alitaka niende na aliogopa kusema. Koko hakutaka. Alikuwa na hoja moja, na aliirudia: mtu hampeleki mtoto katika nchi asiyoijua. Mwishowe alimgeukia Papa Kambale, ambaye alikuwa amekuja kuchukua mzigo akajikuta kwenye baraza. "Kule Inde, banakunywaka maziwa?"

"Banakunywa sana, Koko. Nilisikia kule ngombe inatembea mu barabara ya muji, magari inaingojea. Na hawaichinje."

"Hawaichinje?"

"Hata kidogo."

Nilisikia kigoda cha Koko kikilia alipojisogeza. "Basi," alisema, "haiko bantu babaya." Na kwa upande wake mambo yakaisha.

Papa alitoka barazani. Alikuja kwenye chumba cha jibini, akaanza kugeuza kutoka rafu ya juu, na alipofika chini alikaa sakafuni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Faida, mi sitakuambia wende, sitakuambia ubakie," alisema. "Kazi yangu nilijaribu, ikashindwa. Unataka nini, weye?"

Nilimwambia naogopa miguu. Nilimwambia naogopa pia kwamba nikirudi sitaweza kuinama kwenye sufuria yake.

"Sufuria tutaipandisha juu," alisema mara moja, kama mtu aliyeshapima mahali pa kuiweka. Miguu ilimchukua muda. "Na miguu ikikataa, nitakubeba. Niko na mugongo muzuri, mi." Hapo ndipo nilipolia, na ndipo niliposema nitaenda.

Inde sitaisimulia hapa. Nililia mu Swahili, kama Riziki. Ninachotaka kusema ni siku ya simu. Kwetu wakati huo mtandao ulishikwa mahali pamoja tu, juu ya kilima cha malisho, na simu ilikuwa ya Papa Kambale. Muuguzi aliniwekea chombo sikioni. Nilikuwa nimelala chali, sioni kitu isipokuwa dari, na ghafla ndani ya sikio langu kulikuwa na upepo wa Burungu na ng'ombe wakilia. Mama aliuliza kama nakula. Koko aliuliza kama nimewaona wale ng'ombe wa barabarani. Nilisikia kwamba kilima kimejaa watu, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Halafu simu ikachukuliwa, na nikatambua kikohozi cha Papa.

"Miguu?" alisema.

"Inasikia, Papa."

Nilingoja aniulize kama nimenyooka. Kila mtu alikuwa ameuliza hilo, hata mfagiaji wa wodi, kwa mikono. Papa hakuuliza. Nilimsikia akiwanyamazisha watu, mmoja mmoja kwa majina yao, mpaka ukabaki upepo.

"Pumua, nisikie."

Niliweka simu mdomoni. Nilivuta hewa, na mshono ukaniuma, nikaendelea kuvuta, nikingoja pale ilipokuwa ikikwama siku zote. Nilipita pale. Niliendelea bado, mpaka nikaogopa, halafu nikaiachia yote, polepole, ndani ya simu.

"Tena," Papa akasema.